Wasomaji Wanauliza: Vitafunwa vya Safari Ndefu ya Baiskeli

SWALI: Shikamoo, mama. Mimi ni kijana wa Tegeta, Dar es Salaam, na mara kwa mara mimi na wenzangu huendesha baiskeli hadi Bagamoyo na kurudi siku hiyo hiyo. Asubuhi hunywa chai kwa maandazi, njiani hutafuna karanga za kukaanga kwa sababu tumesikia kwamba zina nguvu nyingi, na tukifika Bagamoyo hula wali kwa samaki hadi tushibe. Hata hivyo, wakati wa kurudi, tukikaribia Kerege au Mapinga, baadhi yetu huishiwa nguvu kabisa, mikono hutetemeka, na watu huanza kugombana bila sababu ya maana. Tubebe nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ugomvi huo ulioutaja mwishoni ndio ulionionyesha kwamba tatizo lenu si miguu. Mwili huhifadhi wanga katika misuli na katika ini kwa umbo la glikojeni, na kwa mtu mzima wa kawaida akiba hiyo yote ni kama gramu 500 tu, ambazo anayekanyaga pedali kwa bidii anaweza kuzitumia karibu zote kwa muda wa saa moja na nusu hadi saa mbili. Mafuta ya mwilini hayawezi kumwishia hata mtu mwembamba, lakini huchomwa polepole, na ubongo kwa kawaida hutegemea sukari iliyomo katika damu, ambayo hutolewa na ini. Ini likiishiwa, mikono hutetemeka, macho hupoteza utulivu, na mtu mpole hugeuka mkali. Safari ya kwenda Bagamoyo kutoka Tegeta na kurudi ni kama kilomita 90, kwa hiyo wengi wenu hukaa juu ya tandiko kwa saa nne au tano, na hakuna kifungua kinywa kinachoweza kukidhi muda huo wote.

Kuhusu karanga, aliyewaambia hakuwadanganya, ila alisema nusu ya habari. Gramu 100 za karanga zina zaidi ya kilokalori 550, lakini karibu nusu ya uzito huo ni mafuta, robo ni protini, na wanga uliomo ni mdogo. Mafuta huchelewesha tumbo kukipeleka chakula kwenye utumbo mdogo, ambako ndiko kinakofyonzwa, hivyo mtu anaweza kuwa na tumbo zito huku misuli yake ikiwa na njaa. Maandazi yana wanga wa kutosha, lakini nayo yameogelea katika mafuta. Siyakatazi. Andazi moja na chai ya sukari saa mbili kabla ya kuondoka halimdhuru mtu, ila nisingependa kuliona katika mfuko wa jezi.

Mnachohitaji njiani ni gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, mkianza ndani ya saa ya kwanza, kabla njaa haijagonga, na mkila kidogo kidogo kila baada ya dakika 20 au 30. Mmoja wenu aweke kengele katika saa yake, kwa maana anayeendesha kwa furaha husahau kula. Ndizi moja ya ukubwa wa wastani hutoa takriban gramu 25, na ile ndogo ya kisukari hutoa pungufu ya hapo, kwa hiyo hesabuni mbili badala ya moja. Tende nne za kawaida hukaribia kiasi hicho hicho, na kwa maoni yangu ndizo zinazofaa kuliko vyote kwa watu wa Pwani, kwa sababu haziyeyuki kwa joto, hazipondeki mfukoni, na zinauzwa hata kwenye maduka madogo, mradi tu mzitoe kokwa nyumbani. Slesi mbili za mkate mweupe zilizopakwa jemu huwapa karibu gramu 40. Kiazi kitamu kilichochemshwa, cha ukubwa wa ngumi ya mtoto, kina gramu 25 au zaidi kidogo, na kikikatwa vipande na kutiwa chumvi kidogo hulika kwa mkono mmoja bila taabu. Wale wanaopenda ubuyu wautunze hadi kijiweni, kwa kuwa mtu anayehema hapaswi kuwa na mbegu kinywani.

Kuna kitafunwa kimoja ambacho nashangaa kwamba waendesha baiskeli wetu hawakitumii vya kutosha, nacho ni mkate wa kumimina, ambao wengine huuita mkate wa sinia. Timu za kulipwa za Ulaya huwapikia waendeshaji wao wali laini wenye sukari, hukandamizwa, hukatwa vipande vya mraba na kufungwa katika karatasi ya fedha, na vipande hivyo huliwa mbio zikiendelea. Sisi tuna mchele uliosagwa, ukaumuliwa kwa hamira, ukatiwa sukari na iliki, ukaokwa hadi ukawa laini kama sifongo, tena bila kukaangwa. Mwombeni anayewapikia atumie tui jepesi badala ya lile zito la kwanza, ili mafuta yapungue, kisha mkate ukipoa aukate vipande vinavyoenea kiganjani. Kashata nayo ina nafasi yake, hasa mwishoni mwa safari, kwa kuwa sukari yake ni nyingi na haitishwi na jua, ingawa nazi au karanga iliyomo huifanya ishuke tumboni polepole kuliko tende.

Wali na samaki wa Bagamoyo msiuache, maana safari bila mlo wa pamoja ni adhabu. Leni nusu ya sahani mliyoizoea, mchague samaki wa kuchoma badala ya wa kukaanga, mpumzike angalau nusu saa kivulini, na mnaporudi muendelee na utaratibu wa kula kidogo kidogo kana kwamba hamkula mchana. Hakuna haja ya kubeba chakula cha safari nzima pia, kwani barabara hiyo ina maduka na wauza matunda sehemu nyingi. Bebeni cha kwendea, na cha kurudia mnunue huko huko.

SWALI: Mhariri, nilifuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali mwaka 2025, nikaona waendeshaji wakifyonza vipakiti vidogo vya jeli kila wakati. Hapa Arusha vinapatikana kwa shida, na bei yake ni kubwa. Je, bila hivyo mtu anaweza kwenda mbali? (Msomaji wa Arusha)

JIBU: Anaweza, ndugu yangu, na pengine kwa starehe zaidi. Wale wa Kigali walikuwa na sababu yao. Mbio za wanaume zilizidi kilomita 260 katika jiji la vilima, na mtu anayeshindana kwa kasi ile hana muda wa kutafuna wala pumzi ya kumeza. Zaidi ya hapo, utumbo una kama milango miwili ya kuingizia sukari. Mlango wa glukosi hujaa kwenye kiasi cha gramu 60 kwa saa, lakini fruktosi hupita mlango wake, kwa hiyo anayechanganya aina hizo mbili anaweza kufikia gramu 90 kwa saa. Jeli nyingi za mashindano hutengenezwa kwa hesabu hiyo. Wewe unayekwenda kwa mwendo wa kuongea na mwenzako hulazimiki kufika huko.

Hata kwa wanaoshindana, chakula cha kawaida hakikushindwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois cha Marekani walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya kwa waendesha baiskeli 12 wenye mazoezi, ambapo viazi mviringo vilivyopondwa vililinganishwa na jeli za dukani zenye wanga wa kiasi kile kile. Viazi viliwasaidia sawa na jeli, na makundi yote mawili ya vyakula yalimshinda aliyekunywa maji matupu. Tofauti ilikuwa kwamba viazi, kwa wingi wake, viliwaletea baadhi yao gesi na maumivu ya tumbo. Hapo ndipo ninapoipa jeli haki yake, kwamba ni ndogo na nyepesi kubeba.

Ukitaka kitu kinachofanana nayo, tumia asali. Kijiko kikubwa kimoja kina takriban gramu 17 za wanga, nao ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi uliotengenezwa na nyuki wenyewe. Itie katika kichupa laini cha plastiki chenye mdomo mwembamba, uongeze maji kidogo ili itoke kwa urahisi na chembe ya chumvi, ukiinywa uisindikize kwa maji. Ijaribu kwanza katika safari fupi, kwa kuwa matumbo hayafanani, na fruktosi ikizidi huwaharisha baadhi ya watu. Utumbo nao hufunzwa kama misuli, hivyo anayeanza na gramu 30 kwa saa anaweza kupanda taratibu kwa wiki kadhaa.

SWALI: Kwako mhariri. Mimi ni mwendesha baiskeli wa Ongata Rongai. Kundi letu linapanga kwenda Magadi, na nimeonywa kwamba baada ya kushuka kutoka Kona Baridi joto ni kali na maduka ni machache. Huwa kila kitu kitamu kinanichefua baada ya saa tatu hivi. Pia ningependa kujua kama madafu yanatosha badala ya vinywaji vya chupa.

JIBU: Waliokuonya wamekutendea wema, dada. Barabara ya Magadi hudanganya kwa sababu ikishapita Kona Baridi huteremka, na mtu hujiona hodari hadi atakapogeuka nyuma na kukuta zaidi ya mita 1,000 za kupanda, juani, akiwa tayari amechoka. Kwa hiyo gawanya chakula chako bila usawa. Theluthi moja kile wakati wa kwenda, na theluthi mbili zibaki kwa ajili ya kurudi, isipokuwa kama kuna gari litakalowachukua huko.

Kuchefuliwa na utamu ni jambo la kawaida kabisa, hasa katika joto, na dawa yake ni kubadilisha ladha, si kuacha kula. Beba viazi vidogo vilivyochemshwa na maganda yake na kuviringishwa katika chumvi, muhogo uliochemshwa, au chapati nyembamba iliyopikwa kwa mafuta machache na kukunjwa. Vitu vyenye nyama, maziwa au mayai usivibebe, kwa kuwa saa nne ndani ya mfuko unaopigwa na jua zinatosha kuviharibu. Chokoleti itakuwa uji kabla hujafika Olorgesailie.

Kinywaji unaweza kukitengeneza mwenyewe jikoni. Katika lita moja ya maji safi tia gramu 60 za sukari, yaani vijiko vidogo 15 vilivyosawazishwa, robo ya kijiko kidogo cha chumvi, na maji ya ndimu au chungwa kadiri upendavyo. Chupa ya pili iwe na maji matupu, ili usilazimike kunywa kitu kitamu kila unapoona kiu. Madafu ninayapenda, ila yana potasiamu nyingi kuliko sodiamu (madini yaliyomo katika chumvi), ilhali jasho hutoa sodiamu kwa wingi zaidi, kwa hiyo dafu linahitaji kusindikizwa na kitu chenye chumvi. Kwa safari yenu swali hilo halina uzito sana, kwani minazi haipo njia ile, na maji ya Ziwa Magadi lenyewe ni ya magadi, hayanyweki. Bebeni maji mengi kuliko mnavyodhani mtahitaji. Hata hivyo, usijilazimishe kunywa maji matupu lita baada ya lita bila kiu, kwa sababu sodiamu katika damu ikipungua sana mtu huumwa kichwa, hutapika na kuchanganyikiwa, na wenzake hudhani amekaukiwa maji, wakamwongezea mengine.

SWALI: Mama mhariri, habari za kazi. Nina umri wa miaka 58, naishi Mombasa, na nina ugonjwa wa kisukari. Daktari amefurahi kwamba naendesha baiskeli, lakini naogopa hivyo vitafunwa vitamu mnavyovisifu. Nifanyeje?

JIBU: Salama, mzee wangu, na hongera. Jibu linategemea dawa unayotumia. Insulini, na vidonge vya kundi la glibenklamaidi, vinaweza kuishusha sukari kupita kiasi ukiwa njiani, wakati metformini peke yake ni nadra kufanya hivyo. Kwa sababu hiyo, kabla ya safari inayozidi saa moja, zungumza na daktari wako kuhusu kipimo cha dawa cha siku hiyo, wala usikipunguze mwenyewe. Kuhusu chakula cha kawaida cha njiani, muhogo, viazi vitamu na ndizi ambayo haijaiva kupita kiasi vitakufaa kwa vipande vidogo, na kipimo cha sukari unachobeba kitakuonyesha kiasi kinachokufaa vizuri kuliko jedwali lolote ninaloweza kuliandika hapa.

Pamoja na hivyo, ni lazima ubebe kitu kitamu, hata kama hutakigusa. Ukiona jasho la baridi, kutetemeka au ukungu machoni, shuka kwenye baiskeli, na kama kipimo kiko chini ya milimoli 4 kwa lita, au huna nafasi ya kupima, kunywa vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari vilivyokorogwa katika maji, au nusu ya glasi ya juisi, usubiri dakika 15, kisha upime tena. Usitumie kashata kwa kazi hiyo, kwa kuwa mafuta yake yatachelewesha sukari wakati unapoihitaji upesi. Mwenzako mmoja ajue ulipoiweka sukari hiyo. Baada ya safari ndefu sukari inaweza kushuka hata saa kadhaa baadaye, usiku ukiwa umelala, kwa hiyo siku hiyo usiruke chakula cha jioni, na upime kabla ya kwenda kitandani.