Mama aliteleza mara moja, sasa hataki kutembea

Pole sana dada, nimekusoma vizuri, mama ana miaka 74, aliteleza bafuni huko Ujiji hakuvunjika kitu ila tangu hapo hata uani haendi mpaka ashikwe mkono. Bibi yangu hapa Gungu alikuwa hivyohivyo, anatembea kashika ukuta mpaka rangi ikachafuka mstari mzima usawa wa kiganja chake, na sisi kwa huruma tukawa tunamletea kila kitu kitandani, kumbe ndo tunamharibu maana mguu usipotembea unaisha nguvu, na nguvu zikiisha ndo anaanguka kweli.

Usimwambie "acha woga". Muulize anaogopa nini hasa. Bibi alikuwa anaogopa kwenda choo usiku, tukaweka taa na bomba la kushikia ukutani, ndala zilizolika soli tukatupa. Halafu mazoezi, kiti kigumu kiegemee ukuta, asimame akae mara tano asubuhi na jioni, wewe kaa pembeni ila usimvute.

Mpeleke hospitali ya Maweni hapa Kigoma wamcheki macho, isije ikawa mtoto wa jicho, na presha wampime akiwa amelala na akisimama. Beba dawa zake zote, za presha na za usingizi zinaweza kuleta kizunguzungu, ila asiache mwenyewe bila daktari.

Na akianguka tena akagonga kichwa au akazimia, au nyonga inauma hawezi kukanyaga, tafadhali usimkande, hospitali moja kwa moja.