Ukumbi wa mtaa na joto la kaskazi: anzeni na paa

Kila ifikapo Desemba, kamati yetu ya ukumbi huletewa ombi lilelile: wekeni viyoyozi. Wanaoomba siwalaumu. Ukumbi wa bati hapa Temeke ukijaa watu saa nane mchana ni adhabu, na harusi au kikao cha vikoba hakiahirishwi kwa sababu ya jua. Ila nimekaa kwenye kamati hiyo muda wa kutosha kujua pesa yetu iliponyauka na ilipozaa. Jirani wa mtaa mwingine akiniuliza, namwambia pesa ya kiyoyozi aipeleke kwanza juu ya paa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu aliyekaa tu kwenye kiti hutoa joto la karibu wati 100. Wageni 100 ni wati 10,000, sawa na pasi kumi za umeme zimewashwa ndani kwa mpigo. Kwa lugha ya wauza viyoyozi, wanaopima joto kwa BTU, hizo ni kama BTU 34,000 kwa saa. Ukinunua mashine mbili za BTU 18,000, karibu nguvu yake yote inamalizwa na miili ya wageni, jua bado hujalihesabu. Halafu kiyoyozi kinataka milango ifungwe. Kwenye shughuli ya uswahilini nani atafunga mlango? Watoto wanaingia na kutoka, kina mama wanapitisha masinia, na huko nje mita ya Luku inalia.

Sasa paa. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Kuanzia Novemba hadi Februari jua la adhuhuri linakaa juu sana, limeegemea kusini kidogo, na siku za mwanzo za Machi linapita utosini kabisa. Kwa hiyo kuta za kusini na kaskazini hazina taabu kubwa; anayepigwa kutwa ni paa, akifuatiwa na ukuta wa magharibi jioni. Bati lililochakaa na kushika kutu hupita nyuzi 60 mchana, na joto lake humulika moja kwa moja kwenye vichwa vya watu. Pangaboi haliwezi kuliondoa, kwa sababu pangaboi husukuma hewa, na joto hili halisubiri hewa ilibebe. Simama chini ya bati tupu saa nane, nyoosha kiganja juu ya kichwa, utauhisi upande wa juu unavyoungua.

Dawa ya bei nafuu ni rangi nyeupe. Bati lisuguliwe kutu kwa brashi ya waya, lioshwe, lipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu, kisha nyeupe ya mabati mikono miwili, yaani tabaka mbili. Fundi aanze alfajiri, kwa sababu rangi ikipakwa kwenye bati la moto hukauka kabla ya kushika. Kazi ifanyike Agosti au Septemba, masika yameshapita na vuli bado. Kuna watakaokushauri chokaa kwa kuwa ni rahisi; chokaa ni mali ya ukuta wa mawe, kwenye bati haishiki, na ikiwa mbichi inakula ile zinki inayolikinga bati. Kama mnakinga maji ya mvua, muulizeni muuza rangi kama inafaa kwa maji ya kunywa, na mvua za mwanzo ziacheni zimwagike.

Wapo pia wanaotaka turudi kwenye makuti. Makuti yana ubaridi mzuri, sikatai, ila nyumba zetu zimebanana na cheche ya jiko moja inatosha. Wekeni makuti kwenye banda la nje, mbali na mapishi.

Baada ya rangi inakuja dari. Hata silingibodi ya kawaida inasaidia sana, lakini ile nafasi kati ya dari na bati lazima ipumue. Zile kuta za pembetatu mbili zinazoshika paa zitobolewe na kujengewa matofali ya matundu, pande zote mbili, na wavu wa kuzuia popo. Mafundi wengi huziba kila kitu ili kazi ionekane safi. Safi ni kweli, ila mmejenga tanuri juu ya wageni.

Upepo wa msimu huu ni kaskazi, unatoka kaskazini-mashariki, na ni mwanana kuliko kusi. Kwa kuwa ni dhaifu, msiuwekee vizuizi. Madirisha ya upande huo yawe wazi, na upande wa pili yawepo mengine ya kuutolea, makubwa zaidi ikiwezekana. Nyavu za mbu zikishika vumbi hupunguza upepo kuliko watu wanavyodhani. Zioshwe kila mwezi. Na adui mkubwa wa upepo kwenye ukumbi wetu alikuwa mpambaji! Anakuja na vitambaa vyake vya dhahabu, anafunika kuta nzima, madirisha na matundu humohumo. Siku hizi tumeliandika kwenye fomu ya kukodi: kitambaa kisivuke usawa wa dirisha. Wananuna, wanatii.

Pangaboi nalo lina elimu yake. Linakula karibu wati 75, kwa hiyo unaweza kuendesha zaidi ya 20 kwa umeme wa kiyoyozi kimoja cha BTU 18,000. Ila halipozi chumba. Linakausha jasho la mtu aliye chini yake. Ukumbi ukiwa mtupu, lizimwe. Likitoka kwa fundi, simama chini yake kabla hujamlipa: wakati mwingine nyaya hubadilishwa, likawa linavuta hewa juu badala ya kuishusha, na watu wakalalamika kwamba feni ni bovu.

Kunyunyiza maji sakafuni au kutundika shuka zilizolowa kunafaa Dodoma mwezi wa Oktoba, hewa ikiwa kavu. Pwani mnajiongezea unyevu tu, na jasho litagoma kukauka.

Upande wa magharibi tulipanda miarobaini. Inakua haraka, haililii maji ikishashika, na matawi ya chini tunayakata ili upepo upite. Jiko la shughuli na jenereta vikae upande ambao upepo unatokea ukumbini kwenda huko, si kinyume chake.

Na ratiba, ambayo haigharimu hata shilingi. Mkutano mkuu wa Februari uitwe saa tatu asubuhi au saa kumi na moja jioni. Mabibi, mababu na wajawazito wakae karibu na madirisha ya kaskazini-mashariki, wasipangwe meza kuu chini ya taa za mpiga picha kwa heshima tu. Ndoo ya maji ya kunywa iwe mlangoni. Mgeni akianza kuchanganyikiwa maneno au kuzimia na mwili unawaka, apelekwe kivulini, alowanishwe maji na kupepewa wakati gari la hospitali linatafutwa; msisubiri risala iishe.