Vidole vina joto, je, mkono uko salama?

SWALI: Daktari, mimi na mume wangu tunapenda ufungaji wa kamba wa Kijapani, shibari. Tumeambiwa ni sanaa ya samurai iliyojaribiwa karne na karne, na kwamba maadamu vidole vina joto hakuna hatari. Juzi alinifunga mikono nyuma, mgongo wa mkono wa kulia ukafa ganzi karibu na kidole gumba mpaka kesho yake. Je, alikaza mno?

JIBU: Dada, huenda hakukaza mno. Kipimo mlichopewa ndicho kibovu. Joto la vidole linakuonyesha damu inapita, basi. Mshipa wa fahamu unaweza kubanwa huku damu inatiririka vizuri, na wakati mwingine hautoi maumivu wala ganzi ya kukutahadharisha.

Papasa mkono wa juu upande wa nje, chini kidogo ya pale msuli wa bega unapoishia. Nyama ni chache, mfupa uko karibu. Neva ya radiali, mshipa wa fahamu unaoinua kiganja, inauzunguka mfupa hapo hapo, na ndipo kamba za kifuani hupitia mikono ikifungwa nyuma. Ikiumia, kiganja huning'inia na hukiinui, kama inavyompata mlevi aliyelalia mkono wake kwenye kiti usiku kucha. Kupona huchukua wiki kadhaa, pengine miezi.

Kwako, kama kiganja kiliinuka kwa nguvu zote na ganzi ilikuwa ya ngozi tu, nashuku zaidi kamba ya kifundo cha mkono, upande wa gumba. Pingu za polisi huumiza watu pale pale.

Kwa hiyo, ukiwa umefungwa, kila dakika chache kunja kiganja kwa nyuma kama trafiki anayesimamisha gari, mumeo akisukume kukirudisha. Kikilegea, au ganzi ikianza, kamba itoke saa hiyo hiyo. Mkasi wenye ncha butu uwe mkononi mwake, usiwe jikoni.

Hilo la samurai nalo linapotosha. Enzi za Edo, 1603 hadi 1868, kamba zilifunga wafungwa, ufundi ulioitwa hojojutsu. Nani aliuliza kama mkono wa mfungwa ulipona? Ufungaji wa mapenzi, kinbaku, ulipata sura yake karne ya 20. Mchoraji Itō Seiu (1882–1961) ndiye hutajwa sana. Na shibari kwa Kijapani ni kufunga tu, hata kifurushi.

Mkono huo msiufunge kamba kwa wiki kadhaa. Ganzi ikirudi au kiganja kikilegea, nenda hospitali mapema, umwambie daktari kamba ilipita wapi na kwa dakika ngapi. Najua aibu itakushika, lakini usimwambie ulianguka. Atatafuta jeraha mahali pasipo.