Ncha nyeusi za mizizi: pima maji kabla ya kulaumu joto

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini okidi yako, Aerangis luteoalba uliyoinunua kitaluni Arusha inazidi kunyauka tangu ufike nayo Dar es Salaam, ncha za mizizi zikiwa nyeusi, ilhali unaimwagilia kila siku. Wengi wamekujibu kwamba ni joto. Ni kweli kwamba okidi hiyo ni ya misitu ya nyanda za juu na inapenda usiku wa baridi, lakini umesema pia kwamba Aerangis kirkii yako, ambayo ni ya misitu ya pwani yetu hii, imeanza kuonyesha weusi uleule. Hapo mimi nashuku maji.

Nilipokuwa Mbezi nilipoteza mimea 11 kwa mwaka mmoja kwa kutumia maji ya kisima. Nilipokuja kuyapima, yalikuwa na chumvi miligramu 1,400 kwa lita, wakati maji ya mvua niliyokinga hayakufika 20. Chukua mzizi mmoja uutazame kwa karibu: ukiwa mkavu ni wa kijivu kama fedha, na ukiudondoshea maji hugeuka kijani ukiwa unautazama, kwa sababu umevikwa tabaka la seli zilizokufa, velameni, linalonyonya kama sifongo. Sifongo hiyo hainyonyi maji peke yake. Upepo wa kaskazi unapoyakausha, chumvi hubaki palepale, na kinachoungua kwanza ni ile ncha changa ambayo velameni haijaifunika. Kumwagilia kila siku, basi, ni kuongeza chumvi juu ya chumvi.

Chunguza na makumbi uliyoipandia, maana ya pwani huwa na chumvi nyingi. Mimi huyaloweka siku tatu, nikibadilisha maji kila asubuhi. Kinga mvua za masika na vuli kwenye tangi, suuza mizizi kwa maji hayo mara mbili kwa wiki hadi maji yatiririke, na uache mbolea kwa sasa.

Kirkii itapona, yangu ilitoa ncha mpya za kijani baada ya wiki sita, na ilipochanua, harufu yake ilijaa barazani giza lilipoingia, saa ambayo nondo wanaoichavusha huanza kuruka. Luteoalba, kwa maoni yangu, mpe mkulima wa Lushoto, kwenye baridi ya milimani, mapema, ingali na majani.