Misa ya Marehemu Isingoje Marumaru

Baba yetu alifariki Desemba, mvua zikiwa zimeshika, tukamzika shambani nyuma ya nyumba, huku kwetu Kilolo. Siku ya kuanua matanga ukoo ulikubaliana kwamba kaburi lijengewe, liwekwe marumaru, ndipo tufanye misa kubwa ya kumwombea na ng'ombe achinjwe. Tulipanga kwa upendo. Mchango ukaanza, ukasuasua; huyu akauguliwa, yule akadaiwa ada ya watoto. Miaka mitatu ikapita. Jioni moja mama anapukuchua mahindi, akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, baba yenu mmeshamwombea misa ngapi?"

Hakuna hata moja, tangu ile ya mazishi.

Najua familia nyingi Iringa na Njombe ziko hapo tulipokuwa sisi, ndiyo maana naandika. Tumeiunganisha misa na karamu mpaka tukaona moja haiwezekani bila nyingine. Kumbe inatosha kwenda ofisi ya parokia, kutaja jina, kupangiwa siku na kutoa sadaka yako. Jina linaandikwa kwenye daftari la nia, yaani makusudi ambayo misa inatolewa. Wiki ileile nilimwekea baba nia ya misa ya asubuhi. Tulikuwa watu kama kumi na watano, vitenge mabegani kwa baridi, mama kaketi benchi la mbele. Jina la baba liliposomwa alishusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Wapo wanaoona haya kwa sababu mfukoni hakuna kitu. Kiwango cha sadaka ya misa hupangwa na maaskofu, lakini sheria ya Kanisa inawahimiza sana mapadre waadhimishe misa kwa nia za waamini, hasa maskini, hata pasipo sadaka. Mweleze paroko hali yako.

Nenda mwenyewe, tafadhali. Mara moja nilimpa kijana wa bodaboda kikaratasi chenye jina akifikishe ofisini. Hakikufika. Ndugu tulikusanyika, misa ikaanza na kwisha, jina la baba halikusikika, na mama hakuongea njia nzima kurudi nyumbani. Siku hizi naandika jina la ubatizo na la ukoo, nauliza tarehe na saa, na siku moja kabla napiga simu kuhakikisha. Mkiwa kigangoni, kanisa dogo lililo chini ya parokia, muoneni katekista mapema, maana padre huja kwa ratiba.

Halafu kuna suala la kalenda, nalo huzua ugomvi usio wa lazima. Shangazi yetu naye alifariki Desemba, na mwaka wake wa kwanza ukaangukia Jumapili ya Majilio, majuma ya kujiandaa kwa Noeli. Baba mdogo, aliyekuwa ameshakata tiketi kutoka Dar es Salaam, alitaka sala na masomo yote yawe ya marehemu. Paroko akakataa, baba mdogo akachukia. Lakini utaratibu wa liturujia uko wazi: Jumapili za Majilio, za Kwaresima na za Pasaka hazina nafasi ya misa ya wafu, hata ya mazishi, na ndivyo ilivyo Alhamisi Kuu, Siku Tatu Kuu za Pasaka na sherehe za amri, zile ambazo waamini wanawajibika kwenda misa. Nia unaweza kuiweka, padre akamwombea mtu wenu, ila misa inabaki ya Jumapili. Tulisogeza hadi Jumamosi, kwa sababu misa ya kutimiza mwaka wa kwanza inaruhusiwa hata katika siku za juma za Majilio. Ulizeni kwanza, tiketi baadaye.

Kuhusu makaburi, mimi humkumbuka Mtakatifu Monika, mama yake Mtakatifu Augustino. Alifia Ostia, Italia, mwaka 387, mbali na kwao Afrika. Wanawe walipohangaikia mahali pa kumzika, aliwaambia wauzike mwili wake popote, wasisumbuke. Aliloomba ni wamkumbuke kwenye altare ya Bwana. Sisi tunaosafirisha maiti kutoka Dar hadi Makete tunajua uzito wa maneno hayo.

Kisha usiuache Novemba upite. Tarehe 2, siku ya Marehemu Wote, kila padre anaruhusiwa kuadhimisha misa tatu. Papa Benedikto XV alitoa ruhusa hiyo kwa Kanisa zima mwaka 1915, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiua watu kwa maelfu. Mwaka uliofuata vita hiyohiyo ilifika Iringa. Na kuanzia tarehe 1 hadi 8, anayetembelea makaburi na kuwaombea marehemu anaweza kuwapatia rehema kamili, yaani kufutiwa adhabu yote ya dhambi iliyobaki, akitimiza masharti: kuungama, kukomunika, kusali kwa nia za Baba Mtakatifu, na kuachana moyoni na kila dhambi.

Kaburi la baba bado ni la udongo, na msalaba wa mbao. Mama ameanzisha daftari la shule, analihifadhi kabatini ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mwisho wa Oktoba ananisomea majina nami nayanakili kwenye bahasha ya marehemu, ile ya majina ya kuombewa Novemba. Mwaka jana nilipotaka kuigundisha alinishika mkono, akataja jina ambalo sikuwahi kulisikia. Ni kaka yake, aliyekwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na hakurudi. Alikozikwa hapajulikani. Nililiandika chini ya la baba.