Kwenye hitima ni mpishi, nyumbani wali unamshinda

"Shangazi, shikamoo. Naishi Makorora, Tanga, nina watoto wawili na genge la mboga. Mume wangu ni fundi baiskeli Ngamiani. Kila nikimwomba msaada anaharibu: wali anaunguza, samaki analeta waliolegea, mtoto akimwogesha anabaki na povu masikioni. Nikisema, anacheka: 'Mie hizo siziwezi, zina wenyewe.' Juzi kwenye hitima ya jirani nimemkuta mbele ya sufuria la pilau la watu mia, anaelekeza vijana. Nilirudi nyumbani nikalia. Je, namwonea?"

Marahaba mwanangu. Humwonei.

Pilau la hitima si mchezo. Vitunguu viive rangi visiungue, maji yapimwe kwa macho, kisha kuni zipunguzwe na makaa yapaliwe juu ya mfuniko. Mtu wa namna hiyo hashindwi na kilo moja ya mchele jikoni kwako. Huyo anajitia hamnazo.

Asiyejua kweli huuliza maji yafike wapi, na mara ya tatu wali unakuwa na nafuu. Mumeo anaunguza vilevile kila mara, ila penye watazamaji haunguzi! Na fundi anayeona tundu la sindano kwenye mpira wa baiskeli, anashindwaje kufunua shavu la samaki akatazama wekundu wake?

Nisikufiche, na mimi niliwahi. Miaka mingi nilimwambia marehemu mume wangu kuwa tarakimu 20 za Luku zinanichanganya. Hazikunichanganya hata kidogo. Nilipenda tu anyanyuke yeye. Siku aliyokwenda Pangani umeme ukaisha, nikaziingiza kwa tochi ya simu, tena bila kukosea. Ndiyo maana namjua mumeo.

Sasa na wewe. Akiunguza wali, nani anabandika mwingine? Naamini ni wewe, huku yeye keshafika barazani kwenye kahawa. Huo ndio ujira wake wa kuharibu, na anayelipa ni wewe.

Usimseme mbele ya watoto wala wageni. Ngoja usiku, watoto wamelala, umwambie: "Baba fulani, pilau lako la hitima nimelionja, lilikuwa zuri. Kuanzia wiki hii chakula cha jioni siku mbili ni chako, kuanzia sokoni mpaka kuosha sufuria." Mpe kazi nzima, si kukushikia mwiko. Kisha ondoka jikoni. Wali ukiungua, uleni na ukoko wake, naye ale. Dawa ya mtoto, na mtoto kuwa karibu na jiko la moto, ndivyo visifanyiwe majaribio; hapo simama mwenyewe mpaka umwamini.

Akisema hizo si kazi za mwanamume, Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa akiwahudumia ahali zake. Akisema si kazi kabisa, Mahakama ya Rufani mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilizihesabu kazi za mke nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Sikutumi mahakamani, mwanangu; nataka tu usibabaike akianza kucheka.

Na hitima ijayo ukimkuta kwenye sufuria, usimnunie. Chukua sahani yako, mwambie akupakulie.