Mtu wa pwani kwenye mpando wa Irente

Mwaka 2019 nilihamia Lushoto kikazi nikitokea Tanga mjini, na baiskeli yangu ya gia nikaipakia juu ya basi pamoja na godoro. Tanga nilijiona hodari. Kila jioni Ngamiani hadi Raskazone na kurudi, tambarare tupu, upepo wa bahari unakupepea, unafika nyumbani hata shati halijalowa vizuri. Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya Lushoto nilipoambiwa kuna mahali panaitwa Irente, unasimama juu ya jabali unaona Mombo na nyika yote chini ya miguu yako, na ni kama kilomita 6 tu kutoka mjini, nikacheka. Kilomita 6!

Kabla hata ya nusu ya njia nilikuwa nimeshuka, naikokota. Nikasikia hatua nyuma yangu. Mama mtu mzima, kanga mbili, kichwani mzigo wa majani ya ng'ombe unaomzidi upana. Nikasogea apite.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Baiskeli imeharibika?"

"Hapana mama. Mimi ndiye niliyeharibika."

Akacheka, akanipa pole, akaniuliza natokea wapi, nimefika lini, mke yuko wapi, watoto wangapi. Yote hayo anauliza huku anatembea, shingo imenyooka, haupungui mwendo wala hauzidi. Mimi najibu neno mojamoja kama simu inayokatika. Kwenye kona akanipotea. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba mama yule alikuwa amenifundisha somo lote la pumzi pale pale, na mimi nikashindwa kulishika kwa sababu ya aibu.

Nilichofanya badala yake ni kile ambacho wanaume wengi tunakifanya. Nilipania. Miezi mitatu mfululizo, kila Jumapili, naupanda ule mpando kwa hasira mpaka macho yanaona nyota, nikirudi nalala kama gogo, Jumatatu nashuka ngazi za kazini kwa kushika ukuta. Katikati ya wiki baiskeli siigusi, maana miguu inauma. Jumapili nyingine tena. Na baada ya miezi mitatu hiyo nilikuwa naanza kukokota pale pale kwenye mti ule ule, ila sasa na magoti yanauma.

Kisingizio nilikuwa nacho. Lushoto iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, na kwenye kimo hicho mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga, kwa hiyo kila pumzi unayovuta ina oksijeni pungufu. Ni kweli kabisa. Lakini mwili unazoea kimo cha namna hiyo ndani ya wiki chache, na mimi nilikitumia kisingizio hicho miezi minane, hadi wenzangu kazini wakakichoka.

Aliyeanza kuninyoosha ni fundi baiskeli wa pale sokoni. Nilimpelekea kuziba pancha, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi. "Bosi, hii unaiendesha au unaichuchumalia?" Kiti kilikuwa chini mno. Nilikiweka hivyo tangu Tanga ili miguu ifike chini nikisimama kwenye mataa. Akaniegemeza ukutani, akaniambia niweke kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unatakiwa unyooke. Ukihamia kwenye kuendesha kawaida, kwa unyayo wa mbele, goti linabaki limekunjika kidogo tu. Kiti kilipanda vidole vinne. Maumivu ya magoti yaliisha ndani ya wiki mbili, na mapaja ambayo nilidhani sina yakaanza kufanya kazi. Ukisoma makala hii ukaacha yote, hili la kiti usiliache. Halina gharama.

Alinigombeza pia kuhusu upepo. Nilikuwa najaza tairi mpaka ziwe ngumu kama jiwe, nikiamini ndiyo wepesi. Kwenye lami sawa. Kwenye njia ya mawe na mizizi tairi ngumu inarukaruka, inateleza kwenye mpando, na kila mruko unaulipia kwa mikono na mgongo. Sasa mimi wa kilo 74, na tairi pana, najaza kama psi 30, kile kipimo cha upepo kilichoandikwa kwenye pampu. Ukibonyeza kwa dole gumba kwa nguvu inabonyea kidogo.

Sasa pumzi yenyewe. Nilibadilisha mambo mawili: niliongeza siku, nikapunguza mwendo. Jumanne na Alhamisi nikitoka kazini, dakika 40 tu, polepole kiasi cha kuona haya. Jumamosi safari ndefu kidogo, hiyo nayo polepole. Moyo na mishipa vinajengeka kwa kazi ya wastani inayorudiwa mara nyingi, na mwili unajijenga ukiwa umepumzika. Mimi nilikuwa naubomoa Jumapili, nauacha siku sita usahau, kisha naubomoa upya.

Shida ni kwamba "polepole" kila mtu ana yake, na saa za kupima mapigo ya moyo zina bei. Kipimo changu ni salamu. Usambaani, yaani huku milimani Lushoto, humpiti mtu barabarani kimyakimya, na salamu haziishii kwenye moja. Shikamoo, za nyumbani, za watoto, za shamba, mvua imefika huko? Basi, nikiweza kuzimaliza zote na kusikiliza majibu bila kuhema, mwendo uko sawa. Nikibaki natoa "sss-lama" moja na kupunga mkono, nimezidisha, nateremsha gia. Hapo ndipo nilipomkumbuka yule mama wa majani. Alikuwa anapanda kwa mwendo ambao angeweza kuusemea siku nzima.

Miezi miwili ya kwanza usitafute zaidi ya hapo. Utapitwa na watoto wa shule wenye baiskeli zisizo na gia, wamepakiza mwenzao nyuma. Wasalimie. Mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla sijatoka kitandani, vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, dakika nzima kwa saa ya ukutani. Nilianza na 78. Baada ya miezi mitano ilikuwa 63. Hiyo ndiyo ilinipa moyo, kwa sababu barabarani mabadiliko huyaoni wiki kwa wiki. Na asubuhi ambayo mapigo yamepanda ghafla kuliko kawaida, nimejifunza kutotoka: ama sijapumzika, ama kuna homa inakuja.

Baada ya hapo ndipo nikaingiza siku moja ya kujitesa kwa wiki, moja tu. Nyuma ya nyumba niliyopanga kuna kilima kifupi. Dakika tatu napanda kwa nguvu, hapo salamu hakuna, nateremka taratibu nikivuta pumzi, narudia. Mara nne. Nilipojaribu mara nane wiki ya kwanza nililipa kwa siku tano za uchovu. Kama una presha, au kifua kinabana ukipanda ngazi, pima kwanza kabla ya kufika hatua hii. Nafanya kazi ya dawa, najua ninachosema.

Njia za vijijini zina tabia yake ambayo lami haikufundishi. Mwendo haulingani: mzizi, ngazi ya jiwe, kona, mpando wa ghafla wa mita kumi. Badilisha gia kabla ya mpando, ungali unazunguka kwa wepesi. Mimi nilibadilisha katikati, miguu ikiwa imesimama na nguvu zote kwenye pedeli, cheni ikakatika kama uzi, nikatembea mpaka mjini na cheni mfukoni. Na usisimame kwenye pedeli kila mpando ukikaza. Ukisimama kwenye udongo mkavu gurudumu la nyuma linakosa uzito, linazungukia hewani. Kaa mbele ya kiti, kifua kishuke, zungusha miguu kwa gia nyepesi.

Hakuna aliyeniambia kwamba kushuka nako kunachosha. Nilidhani mteremko ni mapumziko. Kutoka Magamba kushuka mjini kwa njia za mashambani, mara ya kwanza, viganja viliganda kwenye breki hadi nikashindwa kufungua chupa ya maji. Kushuka kunatumia mikono, mabega na tumbo: unasimama, pedeli zote mbili sambamba, magoti na viwiko vimelegea, baiskeli inacheza chini yako. Tumbo likiwa legelege mgongo ndio unaobeba. Kwa hiyo pushapu, na ile ya kulala juu ya viwiko mwili umenyooka kama ubao, mara tatu kwa wiki, sebuleni, mwanangu wa mwisho amekaa mgongoni akidhani ni mchezo.

Wakati wa masika, Machi hadi Mei, sipiti kwenye vijia. Aprili moja nilianguka kwenye utelezi wa udongo mwekundu nikateguka kifundo cha mkono, lakini hiyo si sababu kubwa. Tairi likipita kwenye njia iliyolowa linaacha mfereji, mvua inayofuata inaufuata mfereji huo, na shamba la mtu linaondoka nalo. Njia hizi si zetu waendesha baiskeli. Watu wanapita na mizigo kichwani. Miezi hiyo nabaki kwenye barabara kubwa mvua ikikatika, na nyumbani nafanya kuchuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia ndoo ya maji ya lita 10.

Kuhusu kula nitasema kwa ufupi, maana somo lilikuwa moja. Jumamosi moja niliondoka na chai ya rangi tumboni, nikapita Magamba, nikajiona mzima, nikaendelea ndani kwenye msitu nikiwasikiliza mbega. Saa moja na nusu baadaye magoti yakaanza kutetemeka, jasho likawa la baridi, nikakaa kwenye kingo ya njia nikiwa na hasira bila sababu. Ilikuwa njaa. Sasa nakula ndizi mbivu kila baada ya dakika 40 hivi, kabla njaa haijabisha hodi, na siku ya kutoka asubuhi nakula kiporo cha viazi au ugali, bila aibu. Chupa moja ya maji matupu, nyingine ya maji ya chumvi na sukari, kipimo kile kile wanachofundishwa akina mama kliniki: lita moja, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Nakamulia ndimu. Vinywaji vya rangi vya dukani sijaona vinazidi nini.

Irente sasa naenda katikati ya wiki, narudi kabla ya magharibi. Mwaka jana nilijaribu Mtae, zaidi ya kilomita 60 kutoka mjini, nikaishia Lukozi. Pumzi ilikuwepo, ni pancha mbili na tyubu moja. Nimepanga tena Septemba, baridi ikishapungua na njia zingali kavu. Anayetaka tuongozane anakaribishwa, mradi aje na tyubu yake ya akiba. Yangu siazimishi.